Malaika kwa ukulele, kuanzia dukani mpaka ukumbini

Jamani, kama kuna mtu ana shughuli mbele yake na ameshajiahidi moyoni kwamba siku hiyo atapiga wimbo kwa ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, asome hii kabla hajatoa hela. Mimi nilijifunza Malaika kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu, nikiwa sijawahi kushika chombo chochote chenye nyuzi, nilikuwa mwimbaji wa kwaya tu basi, sauti ya pili. Nimeupiga, watu wameimba, mdogo wangu amelia. Ila njiani kuna hela imeenda bure na kuna wiki nzima nzima nilikuwa nakaribia kuacha, na mengi yake yangeepukika kama ningepata mtu wa kunielekeza mapema.

Kwanini Malaika, kwanza ni wimbo wa nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa anauweka kwenye redio kaseti Jumapili tukitoka kanisani, ule wa Fadhili William wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukiisha anaurudisha nyuma anauanza tena, sisi wawili tunaimba huku tunachambua mchele. Pili, ukiupanga vizuri unapigika kwa kodi tatu tu (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), C, F na G7, na hizo tatu ndizo karibu kila mtu anaanza nazo kwenye ukulele.

Sasa kabla hata sijanunua kitu nikapata upinzani. Mama mkubwa aliposikia akaniita pembeni. "We mwanangu, huo si wimbo wa kijana aliyekosa mahari? Utauimbaje mbele ya wakwe waliotoka kulipa juzi?" Nikamwambia mama mkubwa, mbona watu wanauimba kila harusi. Akanijibu, "Wanauimba kwa sababu hawasikilizi maneno." Nilikaa nalo hilo siku kadhaa kwa sababu ana haki, wimbo unasema hivyo hivyo, kijana anapenda, mali hana, hawezi kuoa. Mwisho nikamuuliza mwenye shughuli, mdogo wangu, akasema anautaka kwa sababu ya baba, na tukamtuma mshenga apeleke habari upande wa pili, wakajibu wao wataitikia. Kwa hiyo hilo ni la kwanza, ulizia wimbo kwa wahusika mapema, usije ukajifunza miezi halafu ukakatazwa siku ya mwisho.

Hela. Ukulele ya kwanza niliinunua Kariakoo shilingi elfu hamsini na tano, ya bluu, imechorwa kasa, nzuri kwa macho. Haikukaa sawa hata siku moja. Naituni, yaani nakaza nyuzi zifike kwenye sauti zake, napiga C inasikika vizuri, nikienda F kitu kinalia vibaya, nikawa najua ni mimi, vidole vyangu ndio vibovu, nikabonyeza zaidi na ikazidi kulia vibaya. Baadaye kijana anayepiga gitaa kwaya yetu akaishika dakika mbili akanionyesha. Alituni uzi wa E, wa tatu ukitokea juu, ukiwa wazi bila kubonyezwa, tyuna, ile ya kupima sauti, ikasoma E safi kabisa, halafu akabonyeza huo huo uzi freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingoni), hapo inatakiwa isome F, ikasoma juu ya F karibu nusu ya kwenda F kali, noti inayofuata. Tatizo ni kile kijiti cheupe kule juu shingoni ambacho nyuzi zinapita, kilikuwa hakijachongwa vya kutosha, nyuzi ziko juu mno, ukizibonyeza zinanyooka kupita kiasi na sauti inapanda. Hapo unaweza kufanya mazoezi mpaka usiku wa manane, kodi ya F haitakaa sawa kwa sababu kidole chake cha shahada kiko freti hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukienda dukani nenda na simu yenye programu ya kutuni, zipo za bure. Tuni uzi wa E, bonyeza freti ya kwanza, isome F. Halafu uzi wa A, ule wa mwisho chini, bonyeza freti ya 12, isome A tena. Ikikataa hapo rudisha, hata kama muuzaji anakwambia ni nyuzi mpya, nyuzi mpya zinashuka zote zikiwa wazi, hazifanyi freti moja iimbe juu. Ya pili niliipata kwa laki moja na elfu themanini, iliwahi kutumika, na hii ndiyo ninayo mpaka leo.

Na saizi uangalie. Kuna soprano ndogo kabisa, kuna konseti, kuna ile inayoitwa tena (tenor), kuna baritoni kubwa kabisa. Baritoni iache kama unajifunza kwa video za kawaida, maana ile inatuniwa D G B E kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, kodi zote zitakuwa na majina mengine utachanganyikiwa bure. Mimi nilichukua konseti kwa sababu vidole vyangu vinapata nafasi kwenye freti, soprano nilikuwa najikuta vidole vinapandana.

Kutuni sasa. Nyuzi ni G, C, E, A ukitokea juu karibu na kidevu chako kushuka. Mtu aliyezoea kuona gitaa anategemea uzi wa juu kabisa uwe ndio mzito, kwenye ukulele ya kawaida haiko hivyo, ile G iko juu kwa sauti kuliko C na E zinazofuata, na ndiyo inayoipa ukulele ule mlio wake wa kuchangamka. Ni chombo cha Hawaii, mafundi seremala waliotoka Madeira wakafika Honolulu kwa meli mwaka 1879 ndio waliokitengeneza kutokana na vigitaa vya kwao, na mpangilio huu wa nyuzi umeenea dunia nzima. Ukishusha ile G ikawa nzito unapata uzi umelegea unagongagonga freti, kuna mtu kwaya yetu alifanya hivyo akarudisha dukani chombo kizima. Na kwa uzi wa A uwe mwangalifu zaidi, tyuna inasoma herufi A hata ukiwa umepita ngazi nzima, unakaza, unakaza, unaona bado haijafika halafu paa, umekatika. Wangu ulikatika hivyo. Dawa yake ni sikio, A iwe juu kidogo tu kuliko G, ukiimba do re mi ukianzia kwenye G, A ndiyo re. Nyuzi za nailoni zikiwa mpya zitashuka kila ukigeuka, ni kawaida, zivute taratibu kwa kidole, tuni tena, baada ya muda zinatulia.

Kuhusu vidole nitasema kitu kimoja ambacho kiliniokoa. Picha za kodi mtandaoni zinakuonyesha kila kodi peke yake, kama nyumba tatu zisizojuana, ukajifunza C vizuri, F vizuri, G7 vizuri, ukija kuzihamisha unang'oa vidole vyote unavitafutia mahali upya na wimbo umeshaondoka. Angalia hivi. F ni kidole cha shahada uzi wa E freti ya kwanza, cha kati uzi wa G freti ya pili. G7 ni cha shahada uzi wa E freti ya kwanza, cha kati uzi wa C freti ya pili, cha pete uzi wa A freti ya pili. Umeona? Kidole cha shahada hakijasogea! Kinabaki pale pale, cha kati kinashuka uzi mmoja, cha pete kinakuja. Na C yenyewe ni cha pete tu, uzi wa A freti ya tatu, kwa hiyo ukitoka C kwenda G7 cha pete kinateleza freti moja kurudi nyuma bila kuachia uzi. Nilipoelewa hivyo nilikaa sebuleni nahama F kwenda G7, F kwenda G7, bila kupiga nyuzi kabisa, naangalia tu kidole cha shahada kisinyanyuke. Taarifa ya habari ilikuwa inaendelea kwenye tv, mkono wa kulia uko kwenye mto. Ndani ya siku chache kitu kilichokuwa kinanitoa jasho kikawa kinakuja chenyewe.

Vidole vitauma, ndio, ila nailoni sio chuma, maumivu yanapungua haraka kuliko ya gitaa. Fanya dakika kumi na tano kila siku, usisubiri Jumamosi ukae masaa matatu, kwa sababu ukikaa masaa matatu ncha za vidole zinavimba na kesho yake hushiki kitu. Na dada zangu, kucha. Kamati nzima ya sendofu ilipanga kubandika kucha siku mbili kabla, mimi mkono wa kushoto haukubandikwa, kucha ikiwa ndefu kidole hakisimami wima kwenye uzi kinalala na kinaziba uzi wa jirani. Wa kulia nilibandika fupi, na kwa kweli zilisaidia sauti ya nyuzi kuwa kali zaidi. Picha zangu zote nimeshika maua kwa mkono wa kulia.

Sasa hapa ndio penyewe, na ndio sababu hasa nimekaa kuandika. Nilifika mahali kodi zote tatu nazijua, kuhama naweza, lakini wimbo haupo. Napiga, naimba, ikifika sehemu ya kubadilisha kodi mkono wa kulia unasimama kusubiri wa kushoto, halafu unaendelea. Mwenyewe husikii, ukijirekodi ndio unasikia, wimbo unakwenda unakwama, unakwenda unakwama. Nikamlipa yule kijana wa kwaya elfu kumi kwa kipindi, nikategemea atanifundisha kodi za ziada. Akanyang'anya ukulele. "Dada, weka hii kwanza. Niimbie tu, upige makofi." Nikaimba mwanzo mpaka mwisho napiga makofi, akawa ananisimamisha kila nikikimbia. Halafu akanirudishia chombo, akaniambia nilaze kiganja cha kushoto juu ya nyuzi zote zisilie, nipige chaka chaka tu kwa kulia huku naimba. Hakuna kodi. Kipindi kizima kiliisha hivyo, na nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo nikiona nimelipia makofi.

Lakini ndicho kilichofungua kila kitu. Mkono wa kulia unatakiwa usisimame kabisa, uwe kama mtu anayetwanga, mchi hausubiri juu hata kama mahindi hayajakaa sawa. Ukikosea kodi acha ilie vibaya, piga tu, msikilizaji anasamehe kodi moja mbovu kuliko wimbo uliosimama. Anza na kupiga kwenda chini mara moja kila hesabu, moja mbili tatu nne, polepole. Ukizoea nenda kwenye ile staili ya chini, chini juu, juu chini juu. Siri ya hiyo staili ni kwamba kwenye hesabu ya tatu mkono unashuka bila kugusa nyuzi, unapita hewani, halafu unapanda unagusa. Wengi wanaulazimisha mkono usimame pale tatu ndio maana inawashinda, wewe ushushe kama kawaida ila upishane na nyuzi. Na upige pale shingo inapokutana na mwili, sio juu ya tundu, sauti inakuwa laini zaidi, kwa wimbo wa taratibu kama huu inapendeza.

Jambo la pili alilonifungua macho ni kii, yaani wimbo unauimbia juu au chini kiasi gani. Nilikuwa naimba kwenye C kwa sababu video niliyofuata ilikuwa C, na video ilikuwa C kwa sababu mwalimu wake ni mwanaume mwenye sauti yake. Mimi kwenye C mwanzo wa wimbo sauti inazama kifuani, haitoki, nikawa nabonyeza koo. Nilidhani nina mafua. Kijana akanipa kapo, kile kibanio kidogo cha kubana shingoni, nilinunua elfu kumi na tano, akakibana freti ya pili. Vidole vile vile, C, F na G7 vile vile, ila sasa unaimba D. Nilipoimba mstari wa kwanza nilisikia sauti yangu mwenyewe imekuja, ile ya kwaya, nikashindwa kuendelea kidogo maana nilimkumbuka baba.

Kwa hiyo nawaomba sana, kabla hujakariri kodi hata moja imba wimbo wako bila chombo, jirekodi, tafuta sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa ya wimbo, uone kama zote unazifika bila kukaza shingo. Ndio utafute kii. Kama sauti yako iko katikati C itakutosha. Ukihitaji kupanda kidogo, kapo. Wengine G inawafaa, hapo unapiga G, C na D7, na D7 ipo ya vidole viwili tu, uzi wa G freti ya pili na uzi wa E freti ya pili, nyingine wazi. Kii ya F siipendekezi kwa anayeanza kwa sababu itakudai kodi ya Bb, ile inabana nyuzi mbili kwa kidole kimoja na itakumalizia mwezi. Ukishabana kapo tuni tena, kinavuta nyuzi juu kidogo.

Na uchague toleo moja ushikamane nalo. Malaika umeimbwa na watu wengi, Miriam Makeba na Harry Belafonte wameuweka kwenye albamu yao ya 1965, Boney M. wakaurekodi 1981, Angélique Kidjo naye anao, kila mmoja na mwendo wake. Ukisikiliza huyu asubuhi na yule jioni mkono haujui uende wapi. Mimi nilirudi kwa Fadhili William, nikaacha wengine mpaka shughuli ipite.

Ukumbini kuna mambo ambayo mazoezi ya sebuleni hayakwambii. Moja, nyumbani nilikuwa nakaa kwenye kochi, kule ni kusimama. Ukisimama ukulele haina pa kulalia, mkono wa kushoto unaanza kubeba shingo badala ya kuhama kodi, na kodi zote ulizozijua zinapotea. Nililigundua siku chache kabla nikanunua mkanda wa shingoni na nikarudia wimbo wote nimesimama mbele ya kabati. Anza kusimama mapema.

Mbili, maiki. Mtu wa muziki atakuletea maiki moja mdomoni na atakwambia inatosha. Haitoshi, ukulele isiyo na waya wa kuchomeka kwenye spika haisikiki ukumbini watu wanakula. Omba ya pili kwenye stendi, ielekee pale shingo inapoingia kwenye mwili, ukiiweka moja kwa moja kwenye tundu itavuma na spika zitapiga kelele. Nenda mapema uijaribu kabla wageni hawajaingia, na mtu wa muziki umuongeleshe vizuri, umpatie na soda, siku hiyo ana wasumbufu wengi.

Tatu, joto. Nilitoka kwenye gari yenye kiyoyozi nikaingia ukumbini Tabata kwenye joto la watu, nyuzi zote zikahama. Toa chombo kwenye mfuko nusu saa kabla, kiache kizoee hewa ya pale, ndio utuni. Na kamwe usikiache kwenye gari juani, gundi inaachia.

Nne, ambayo hakuna aliyeniambia, watu wakiitikia wanavuta wimbo nyuma. Mstari wa kwanza niliimba peke yangu sawa sawa. Wakapokea, ukumbi mzima, upande wetu na upande wa wakwe, na kila mtu anataka kurefusha neno la mwisho kwa raha zake. Ukiwasubiri wimbo unakuwa mzito mpaka unalala. Nilikuwa natetemeka, mkono umelowa jasho, nikafunga macho nikasikiliza ule mkono wa kulia tu, chini, chini juu, juu chini juu, nikawavuta wao waje kwangu. Kwenye ubeti wa kidege walikuwa wameshakaa. G7 moja nilibonyeza vibaya ikalia kitu cha ajabu, mkono haukusimama, na kwenye video hata mimi mwenyewe nalazimika kuitafuta. Mama mkubwa alikuwa meza ya mbele anaimba maneno yote, ya mahari na yote, kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote.

Ukipiga hesabu, ukulele mbili, nyuzi, kapo, mkanda na vipindi vya mwalimu, nilitumia kama laki tatu na nusu hivi. Ningeanza na chombo kizuri na vipindi viwili vitatu vya mwalimu mapema, ingekuwa laki mbili na ushee, na yale machozi ya F yasingekuwepo. Ile ya bluu sijamuuzia mtu maana najua ilivyo, watoto wa jirani wanachezea.

Watu wengi wananiuliza nyuzi zinabadilishwa lini. Pitisha ukucha chini ya uzi pale kwenye freti ya kwanza na ya pili, ukisikia vijishimo uzi umeshaliwa, hautatunika vizuri tena hata ufanyeje, nunua seti nyingine na uifunge angalau wiki mbili kabla ya shughuli yako ili ziwahi kuvutika.